Kampuni tanzu au mkandarasi: rubani mpya Marekani aanzie wapi?

Ukisimama dirishani kwenye uwanja wa Charlotte au O'Hare wa Chicago na kutazama ndege ndogo zilizoegeshwa, utaona karibu zote zimepakwa rangi za American, Delta au United. Abiria amekata tiketi ya American, begi lake lina lebo ya American, na sauti inayomkaribisha ndani inataja American. Lakini karibu na mlango, kwa herufi ndogo ambazo wengi hawazisomi, pameandikwa jina la anayeendesha safari hiyo: Envoy, PSA, Republic, SkyWest. Huyo ndiye anayemlipa rubani. Kwa anayetafuta kazi yake ya kwanza kwenye ndege za abiria, jina hilo lina uzito kuliko rangi yote iliyoko mkiani.

Naandika kwa ajili ya vijana wetu walioko huko, Wakenya, Watanzania, Wakongo na wengineo, ambao wana uraia au kibali cha kudumu cha kufanya kazi, wanafundisha kurusha ndege za injini moja ili wajaze kitabu cha saa, na wanakaribia saa 1,500 zinazotakiwa kisheria. Mbele yao kuna aina mbili za mwajiri. Ya kwanza ni kampuni tanzu inayomilikiwa na shirika kubwa. Ya pili ni mkandarasi anayejitegemea, anayekodishwa na wakubwa. Kwa nje zinafanana mno, na matangazo ya kazi yanazidi kuzifananisha. Tofauti huonekana biashara inapoyumba.

Marubani wa mashirika makubwa wanagombania nini

Huwezi kuchagua vizuri kabla ya kuelewa ugomvi uliozaa kazi yenyewe. Shirika kubwa linapotaka kuhudumia mji mdogo kwa gharama ndogo, hulipa shirika la kikanda lirushe safari hiyo. Mkubwa anauza tiketi, anapanga ratiba na ananunua mafuta. Mdogo analeta marubani, wahudumu na mafundi, kisha analipwa kwa safari alizofanya, awe amebeba abiria 70 au 7. Kwa hiyo mdogo akitaka faida, pa kubana ni gharama za uendeshaji, na sehemu kubwa ya gharama hizo ni watu.

Msomaji wa Nairobi huenda akafikiria Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza kuruka 2014. Hazifanani kwa jambo moja kubwa: Jambojet inauza tiketi kwa jina lake na kutafuta wateja wake. PSA au Republic hazina abiria wa kwao hata mmoja. Mkubwa akisema basi, hakuna safari nyingine ya kuuza.

Kwa rubani wa Delta au United, kila safari inayopelekwa nje ni kiti cha rubani mkuu na kiti cha rubani msaidizi vilivyotoka kwenye orodha yake. Ndiyo maana mikataba yao ina kifungu cha mipaka, wenyewe wanakiita skopu, kinachosema ni ndege za ukubwa gani zinaweza kurushwa na watu wa nje, na ngapi. Kwa American, Delta na United ukomo ni viti 76 na uzito wa kuruka wa ratili 86,000, yaani kama tani 39.

Mipaka hiyo haikuwa hapo tangu mwanzo. Miaka ya 1990 ndege za jeti za viti 50 zilipoingia sokoni, wakubwa waliona mahali pa kuokoa fedha. Baada ya Septemba 2001 mashirika makubwa yakaanza kufilisika moja baada ya jingine, na mbele ya mahakama za ufilisi marubani walilazimika kuachia viti 50 vikawa 70, kisha 76. Kufikia mwaka 2010 hivi, karibu nusu ya safari za ndani za Marekani zilikuwa zinarushwa na mashirika ya kikanda. Marubani waliokuwa na Boeing za viti 110 waliona njia zao zikigawiwa vipande vipande, na wenzao wakapumzishwa kazi bila malipo huku ndege za rangi ile ile zikiendelea kuruka na watu wengine ndani.

Wanaodharau skopu kwa kuiita ubinafsi wa wakongwe hawajatazama matokeo yake. Mwaka 2012 marubani wa Delta walikubali ndege za viti 76 ziongezwe kutoka 153 hadi 223. Nao walidai malipo yanayoonekana: ndege nyingi za viti 50 ziondolewe, na shirika lilete Boeing 717 zipatazo 88 zirushwe na marubani wa Delta wenyewe. Kazi ikarudi nyumbani. Kwa upande mwingine, Embraer ilitengeneza E175-E2, ndege mpya yenye injini zinazotumia mafuta kidogo, lakini ni nzito kuliko kikomo, na mwaka 2022 kiwanda kikasimamisha mradi. Mitsubishi nayo ilikuwa na ndege yake ya aina hiyo, na Februari 2023 ikaifuta kabisa.

Ingia ndani ya CRJ550 ya United uone skopu ilivyo kwa macho. Ni mwili wa CRJ700, ndege ya viti 70, iliyopunguzwa hadi viti 50 ili isihesabiwe kwenye kundi la ndege kubwa ambalo mkataba umeliwekea kikomo. Mahali palipokuwa na viti pamewekwa makabati ya mabegi ya mkononi. Abiria anafurahia nafasi ya miguu. Rubani anayepita kati ya makabati hayo anajua yamewekwa pale na mstari mmoja wa mkataba ambao yeye hakuusaini.

Tanzu ina nini ambacho mkandarasi hana

American inamiliki tatu: Envoy yenye makao Texas, Piedmont iliyoanzia Maryland, na PSA iliyokulia Ohio. Delta inamiliki Endeavor. Kundi la Alaska linamiliki Horizon. United haina tanzu ya kikanda inayoimiliki yote, kwa hiyo anayeilenga United ajue tangu mwanzo kwamba njia yake itapita kwa makandarasi.

Hazina kubwa ya tanzu za American ni njia ya moja kwa moja: unaingia Envoy, Piedmont au PSA, foleni inasogea, na zamu yako ikifika unavuka kwenda American bila usaili mwingine. Uzito wa jambo hili unatokana na namba ya ukongwe, yaani nafasi yako kwenye orodha ya marubani wa shirika kufuatana na tarehe uliyoajiriwa. Katika mashirika ya ndege ya Marekani, namba hiyo huamua ndege utakayorusha, kituo utakachofanyia kazi, kama Krismasi utakuwa nyumbani, lini utakuwa rubani mkuu, na nani atatangulia kupumzishwa mambo yakiharibika. Ukihama shirika unaanza mkiani, hata ukiwa na miaka ishirini ya urubani. Kwa hiyo kila mwaka unaouchelewesha kabla ya kuingia shirika kubwa, utaulipia hadi siku ya kustaafu ukiwa na miaka 65.

Lakini foleni husogea kwa kasi ya American kuajiri. Mwaka 2020 uajiri uliposimama, foleni nayo ilisimama. Anayekuambia "miaka mitano tu" anakusomea takwimu za mwaka mzuri.

Hatari ya pili ni ndugu wa tumbo moja kugombanishwa. Mwaka 2013 marubani wa PSA walikubali mkataba wenye masharti magumu ya mishahara, na American ikawapa ndege mpya 30 za CRJ900. Mwanzoni mwa 2014 wenzao wa Envoy waliletewa masharti yanayofanana na hayo, wakapiga kura ya kukataa. Ndege zao za CRJ700 zikaanza kuhamishiwa PSA. Mwenye mali ni mmoja, rangi ni moja, na marubani wa pande zote mbili walikuwa kwenye chama kimoja cha wafanyakazi cha marubani, ALPA, ila kila kundi lilikuwa na mkataba wake. Baadaye Envoy walikubali mkataba mwingine, na ndege za E175 zikaanza kuja. Kisa hiki kinaniuma kila ninapokisimulia, kwa sababu aliyekataa kushusha thamani ya kazi ndiye aliyepoteza ndege.

Wala kumilikiwa si bima. Comair ya Cincinnati ilikuwa mali ya Delta. Mwaka 2001 marubani wake waligoma siku 89 wakidai mshahara na mapumziko yanayofaa, wakapata nyongeza. Miaka ilivyokwenda, ndege zake zilipungua, na tarehe 29 Septemba 2012 Delta ikaifunga. Waliokuwa juu kwenye orodha yake walianza upya kwingine, kwenye mkia.

Mkandarasi: uhuru na gharama yake

Mkandarasi mkubwa kuliko wote ni SkyWest ya St. George, Utah, inayoruka tangu 1972. Inarukia United, Delta, American na Alaska. Republic ya Indiana inarukia American, Delta na United, na 2025 iliungana na Mesa. Nguvu ya kampuni hizi ni kuwa na wateja wengi: mmoja akipunguza kazi, mwingine huenda anaongeza. SkyWest ina vituo vingi, hasa magharibi ya nchi, na kwa kijana aliyeweka familia Denver au Salt Lake City, kuamkia nyumbani kuna thamani ambayo hakuna jedwali la mishahara litakaloionyesha.

Tatizo ni mkandarasi mwenye mteja mmoja au wawili. Aprili 2020 Trans States na Compass zilifunga ndani ya siku chache. Ni kweli janga la korona liliharakisha, lakini zote mbili zilikwisha kuwa kwenye njia ya kufungwa kwa sababu mikataba yao ilikuwa inaisha. Mwaka huo huo United iliamua ndege zake za ERJ145 zirushwe na kampuni moja badala ya mbili, ikachagua CommutAir. ExpressJet, iliyowahi kuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za kikanda duniani, ilimaliza safari zake za United mwishoni mwa Septemba 2020. Marubani hawakukosea lolote. Mkataba wa kampuni na mteja ulikwisha, na mara nyingi hata ndege zenyewe ni za mteja, kwa hiyo zinaondoka naye.

Kuna ujanja mwingine wa kuutazama kwa makini. Katikati ya miaka ya 2000 mwenye Trans States alitaka kurusha ndege za viti 70 kwa ajili ya United, lakini kampuni yake ilibanwa na skopu ya American, mteja wake mwingine. Akaanzisha kampuni mpya, GoJet, yenye cheti chake cha kurusha ndege na orodha yake ya ukongwe. Marubani wa Trans States walibaki wakitazama ndege kubwa zikienda kwa watu wapya upande wa pili wa ukuta. Ukikuta mkandarasi ambaye mwenyewe anamiliki kampuni ya pili ya ndege, uliza kwa nini ipo.

Suala la chama nalo lina uzito. Tanzu zote za American zina ALPA, chama kilichoanzishwa 1931. Marubani wa Republic wako kwenye chama kingine cha wafanyakazi, Teamsters. SkyWest kwa miaka mingi imekuwa na umoja wa ndani wa marubani usio chama cha wafanyakazi kwa maana ya sheria. Wapo wanaoridhika nao, na sibezi uzoefu wao. Mimi naona hivi: kama hofu yako ni kazi kuhamishwa, unahitaji karatasi ambayo mwajiri hawezi kuibadilisha peke yake.

Fedha na uchovu

Kwenye mshahara pengo limezibwa kwa kiasi kikubwa. Juni 2022, uhaba wa marubani ulipowabana, tanzu tatu za American zilipandisha malipo ya rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza hadi dola 90 kwa saa ya kuruka, sehemu yake ikiwa nyongeza ya muda. Wengine walifuata. Kwa dhamana ya kulipwa angalau saa 75 kwa mwezi, ambayo ni ya kawaida, hizo ni kama dola 81,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Mwaka uliofuata wakubwa nao walipanda: marubani wa Delta walipata mkataba wenye nyongeza ya asilimia 34 ndani ya miaka minne. Kwa hiyo usibaki kwenye shirika la kikanda kwa kuridhika na fedha.

Soma masharti ya bonasi ya kujiunga kabla ya kusaini. Nyingi hudai urudishe yote au sehemu ukiondoka kabla ya muda fulani, na kijana aliyekwisha kuitumia kulipia deni la shule hujikuta amefungwa mahali ambapo alipaswa kupita tu.

Uchovu unastahili nafasi zaidi, kwa sababu ndio uliobadilisha sheria. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, iliyokuwa inaruka kwa jina la Continental kutoka Newark kwenda Buffalo, iliangukia nyumba huko Clarence Center, New York. Walikufa watu 49 waliokuwemo na mmoja aliyekuwa nyumbani. Ndege ilipoonya kwamba imepungukiwa kasi, rubani mkuu alivuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Uchunguzi ukafungua na maisha ya watu wale. Rubani msaidizi aliishi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi. Usiku uliotangulia alisafiri kwa ndege za mizigo kupitia Memphis ili awahi kazini Newark, na mchana akapumzika kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Mshahara wake haukufika dola 25,000 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, kupanga nyumba jirani na New York halikuwa jambo la kufikirika.

Familia za marehemu hawakukubali habari iishie hapo. Walikwenda Washington tena na tena, na sheria ya 2010 ikapatikana. Kutokana nayo, tangu 2013 rubani msaidizi anatakiwa awe na saa 1,500, zikipunguzwa hadi 1,000 kwa mwenye shahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa na 750 kwa aliyetoka jeshini. Kanuni mpya za mapumziko zilianza Januari 2014. Sheria hiyo hiyo inamtaka muuza tiketi aonyeshe wazi ni kampuni gani itakayorusha ndege. Hizo saa 1,500 unazohangaika nazo zina makaburi nyuma yake.

Hivyo basi, katika kulinganisha kwako, umbali kati ya nyumbani na kituo uhesabu kama sehemu ya mshahara na kama sehemu ya usalama. Kituo cha kufika kwa gari, kwa mkandarasi imara, ningekipima mara mbili kabla ya kukikataa kwa ajili ya tanzu iliyoko saa tano angani kutoka kwa watoto wako.

Wale wanaoruka hatua hii

Southwest haina mashirika ya kikanda kabisa. Kila ndege yenye jina lake ina marubani wake. Zipo pia kampuni za mizigo na za nauli nafuu. Ni njia nzuri kwa anayeipata, ingawa nauli nafuu nayo ina misukosuko yake: Spirit iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Novemba 2024, ikarudi tena Agosti 2025.

Ningechagua hivi

Kijana asiye na familia, anayeweza kuishi popote na anayeilenga American: aende tanzu yenye njia ya moja kwa moja iliyoandikwa ndani ya mkataba wa chama, na si kwenye tangazo la kazi. Tangazo linafutwa asubuhi moja, ila mkataba hubadilishwa kwa mazungumzo na kura.

Anayeilenga United atafute mkandarasi aliyemo kwenye Aviate, programu yao ya kuwaandalia marubani njia ya kuingia United, mwenye wateja zaidi ya mmoja, na aombe kuonyeshwa mkataba na United unaisha mwaka gani. Kwa kampuni zilizoko kwenye soko la hisa, tarehe hizo zimo kwenye taarifa za mwaka ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mwenye mke, watoto na nyumba aanzie kwenye kituo, kisha ndiyo atazame jina la kampuni.

Wakati wa usaili, ukifika ule muda wa "una swali lolote?", uliza haya: ndege ni za nani, zenu au za mteja? Mkataba wake unaisha lini? Mwaka jana wangapi walivuka kwenda shirika kubwa, na wa mwisho kuvuka alikuwa amekaa muda gani? Mwenye kampuni anamiliki cheti kingine cha kurusha ndege? Kisha tafuta rubani msaidizi wa mwaka wa pili wa kampuni hiyo, umnunulie kahawa uwanjani, na umuulize maswali yale yale. Majibu yao yakipishana, mwamini wa kahawa.